Nyayo za Mfungwa Mulqueen

Mwalimu Hillary Wakoli alikutwa ameinamia taipureta yake, paji la uso juu ya vibonye, kana kwamba usingizi ulimzidi katikati ya sentensi. Lakini kisogo chake kilikuwa kimebonyea, na damu ilikuwa imekauka kwenye kola ya shati lake la Jumapili.

Inspekta Nekoye wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, Kitale, alisimama kwanza mlangoni bila kuingia. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Machi 2006. Mashamba ya Trans-Nzoia yalikuwa yameshalimwa, mbegu zimeshanunuliwa, na mvua ilikuwa haijafika. Upepo ulipiga mabati ya jengo lile la zamani karibu na soko na kusukuma vumbi hadi miguuni pa marehemu. Mji mzima ulikuwa na wasiwasi wa kungoja. Nekoye naye hakuwa ametulia. Tangu Ijumaa alikuwa akitembea na barua ya uhamisho ndani ya mkoba, ya saba katika miaka tisa, na hakuwa amemwambia mtu.

Aliyeugundua mwili alikuwa Mary Ann, fundi wa nguo wa chumba cha pili. Alikuwa ameketi nje juu ya kigoda, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Nilifungua duka saa moja na nusu," alisema. "Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Nikaita, Mwalimu, chai? Akanyamaza."

"Jana ulikuwa hapa?"

"Jana ilikuwa Jumapili, madam. Hapa kote tunafunga."

"Nani huja kumwona?"

"Watu ni wachache. Kuna Mzee Zachary, yule wa shamba la Mulqueen. Alhamisi alikuja akapiga meza. Mwalimu hakujibu kwa kelele. Hakuwa mtu wa kelele."

Nekoye aliingia. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, rafu ya faili na pazia moja. Chini ya meza ililala pasi nzito ya makaa, ya zamani, ambayo Mary Ann alisema Mwalimu aliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Mpini ulikuwa umepanguswa kwa pazia. Pazia lenyewe lilikuwa na damu. Kwenye rafu palikuwa na pengo la faili moja. Kwenye rola ya taipureta kilibaki kipande cha karatasi kilichochanika, kidogo kama ukucha.

Sajini Kipruto, msaidizi wake, alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. "Afande, angalia hapa."

Juu ya rangi nyeupe ya fremu, kwa ndani, palikuwa na alama ya kidole gumba. Haikuwa ya damu. Ilikuwa ya bluu.

Nekoye aligeuka, akarudi mezani, akachungulia nyuma ya mguu wa meza. Karatasi ya kaboni ilikuwa imeanguka pale, uso wake wa bluu ukiangalia ukuta. Mwalimu alikuwa akipiga barua kwa nakala mbili. Muuaji alizing'oa zote mbili kwa haraka, akashika kaboni bila kujua, nayo ikamponyoka. Kisha akaegemea fremu akitoka.

Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alisema pigo lilikuwa moja tu, la kutoka nyuma, na kwamba Mwalimu alifariki Jumapili kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni.

*

Mzee Zachary alifika kituoni mwenyewe kabla hajafuatwa. Alikuwa na miaka sabini na ushei, koti la suti juu ya gambuti. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua sehemu ya shamba la Mulqueen pamoja na wenzao katika miaka ya sitini, wakati masetla wa kizungu walipokuwa wakiondoka.

"Ulimpigia meza marehemu Alhamisi," Nekoye alisema. Hakuketi. Alikuwa na mazoea ya kuhoji akitembea kutoka dirishani hadi kabatini, na waliohojiwa walichoka shingo kabla hajachoka miguu.

"Nilipiga."

"Kwa nini?"

"Mtu anazunguka akiuliza habari za mzungu aliyekuwa na shamba. Ati alikuwa na watoto wangapi, walikwenda wapi. Wewe ungefikiria nini? Sisi tumeona watu wakifukuzwa mashambani hapa hapa. Nilijua anatafuta mtu wa kuja kudai."

"Alikujibu nini?"

"Alicheka. Akasema hana haja na shamba, anamtafuta mfungwa."

"Mfungwa gani?"

"Babu wa huyo mzungu. Ati aliiba ng'ombe kule kwao Ireland, akasafirishwa ng'ambo kwa meli. Nikaenda zangu. Mtu anayetafuta mwizi wa ng'ombe aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, utamfanya nini?"

Jumapili mchana mzima Zachary alikuwa kwenye harambee ya kanisa mbele ya watu mia mbili. Gumba lake halikufanana na lile la bluu. Nekoye alimwacha aende, na mzee akasimama mlangoni akauliza kama kweli hakuna mtu atakayekuja kudai. Nekoye akamwambia hajui. Hilo halikumtuliza.

*

Boma la Mwalimu huko Kabuchai lilikuwa limejaa watu wa matanga Nekoye na Kipruto walipofika kesho yake. Mjane wa Mwalimu, Mama Nanyama, aliwapokea nyuma ya nyumba, mbali na vilio, karibu na miwa. Alieleza kwamba mumewe alifundisha historia miaka thelathini na mbili, na alipostaafu hakuweza kukaa. Akapanga kile chumba Kitale na kuwaandikia watu barua, kuwatafutia jamaa waliopotea. Mwaka uliopita mtu mmoja wa Bumula alimwomba amsaidie kuthibitisha babu yake alizaliwa Ireland. Jina la mtu huyo mjane hakulijua. Mwalimu alimwita W. tu, siri za watu hakuzileta mezani.

"Lakini yule mfungwa alimleta," alisema. "Usiku nikilala ananisomea. Nikamwambia, Baba, huyu Thady wako amekuwa kama mke wa pili."

Alileta daftari nne za shule. Mwalimu alikuwa na desturi ya kunakili kila kitu mara mbili, moja ya kazini, moja ya nyumbani.

Nekoye alizisoma ndani ya Land Rover, Kipruto akiendesha. Alidhani atapitia haraka haraka. Hakuweza.

Thady Mulqueen alizaliwa Clare, magharibi mwa Ireland, mwaka 1824. Njaa kuu ilipokuja na viazi vikaoza vikiwa ardhini, alizika baba na dada wawili. Mwaka 1848 aliiba mtamba wa mwenye shamba, akamchinja shimoni na kugawia nyumba tatu nyama. Alikamatwa akiwa bado ananuka moshi. Alihukumiwa miaka kumi ng'ambo, akapandishwa meli pamoja na wanaume wengine zaidi ya mia mbili, na baada ya karibu miezi minne akashushwa Hobart, katika kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, kusini mwa Australia. Karani alimpima kama ng'ombe wa mnada: futi tano na inchi nne, macho ya kijivu, nywele za rangi ya kutu, kovu juu ya nyusi ya kushoto, hajui kusoma.

Habari hizo Mwalimu alizipata kidogo kidogo, kwa barua za hifadhi ya nyaraka ya huko na kwa kompyuta za saiba ya Kitale zilizokatikiwa umeme kila baada ya nusu saa. Thady alitoroka mara tatu. Mara ya kwanza alikutwa ufukweni akiwauliza wavuvi Ireland iko upande gani. Alichapwa. Mara ya pili alifungwa minyororo, akavunja mawe ya barabara mwaka mzima. Mara ya tatu alirudi mwenyewe, miguu imeoza. Alipoachiwa huru mwaka 1859 hakuwa na nauli ya kurudi kwao. Akahamahama kisiwani, makazi kumi na moja katika miaka thelathini, mara mkata mbao, mara mchunga kondoo. Alioa mfungwa mwenzake na kupata mtoto mmoja, Michael. Alifia katika nyumba ya maskini mwaka 1891. Pembeni ya ukurasa Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha insha: *Mtu huyu hakupata mahali pa kuketi.*

Nekoye alifunga daftari, akaangalia nje, akalifungua tena.

Michael naye alimzaa John. John alipigana katika vita vya kwanza vya dunia, kisha akapewa shamba Trans-Nzoia mwaka 1920. Hakuoa, ila alizaa binti na mwanamke Mbukusu, akampeleka mtoto kanisani na kumwandikisha kwa jina lake. Jiwe la kaburi lake Kitale lilisema yeye ni mzaliwa wa Clare. Kwa kutegemea jiwe hilo, Mwalimu alikuwa amekula kiapo mbele ya wakili, na W. akakiambatanisha na maombi yake ya uraia wa Ireland. Sheria ya huko ilimruhusu mtu ambaye babu yake alizaliwa nchini humo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa. *Thady hakurudi kamwe. Michael hakutoka kisiwani. Basi John alizaliwaje Clare? Niliapia jiwe. Kesho naenda Bumula kumuuliza binti yake, Nabwile.*

"Geuza gari," Nekoye alisema. "Tupitie kituo cha Bungoma kwanza. Nataka kioo na taa."

Pale Bungoma waliitoa ile kaboni kwenye bahasha ya vielelezo, wakaibandika juu ya kioo na kuwasha taa nyuma yake. Ilikuwa mpya, imetumika mara moja tu, kwa hiyo herufi zilisomeka zikiwa zimegeuka. Barua ilielekezwa kwa ofisi ya uraia. Mwalimu aliomba radhi. Alisema kiapo chake kilikuwa na kosa; sasa ameonyeshwa cheti cha ubatizo, na John Mulqueen alizaliwa Hobart mwaka 1888. *Mjukuu aliyeomba uraia hakudanganya*, aliandika, *naye asihesabiwe kosa ambalo ni langu.* Sentensi iliyofuata ilikatikia kwenye neno la nne.

*

Nabwile alikuwa na mtoto mmoja tu, na jina lake lilikuwa Wanjala.

Walimkuta nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza redio pale sokoni Bumula. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Ngozi yake ilikuwa nyepesi, yenye madoadoa puani, na nywele za rangi ya kutu zilianza kupotea utosini. Watu waliokuwa wakipita walimsalimu "mzungu" bila kufikiri, kama wanavyotaja jina la mtu. Hakukataa kuandamana nao. Kituoni Bungoma alitoa vidole vyake vipakwe wino bila kuuliza ni vya nini, na alama zikapelekwa mara moja kwa faksi kwa mtaalamu aliyekuwa amefika Kitale kutoka Eldoret.

Nekoye alimweka kwenye chumba chenye dirisha moja, akaanza kutembea.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Baada ya kanisa."

"Nyumbani. Nilikuwa natengeneza redio ya mtu."

"Mwalimu Wakoli ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Krismasi."

"Simu yake inaonyesha alikupigia Jumamosi jioni."

"Watu si wanapigiana simu, madam."

"Alikuambia nini?"

"Ati bado anaendelea na mambo ya babu."

"Hakukuambia anaiandikia ofisi ya uraia?"

"Hiyo barua hata haikutumwa."

Kalamu ya Kipruto ilisimama. Nekoye naye alisimama, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Nje, mtu alikuwa akipiga nyundo juu ya bati, akaacha, akaanza tena.

"Mimi nimeuliza tu kama anaandika," Nekoye alisema. "Sijasema haikutumwa. Nani amekuambia?"

Wanjala aliitazama mikono yake. Wino wa polisi ulikuwa bado vidoleni, na alianza kuufuta kwa suruali, kidole kimoja kimoja, kwa bidii ya mtu aliyepewa kazi. Simu ya Nekoye ilipolia, alisikiliza tu, akaikata.

"Ni gumba lako," alisema. "Lile la mlangoni." Kisha akaketi. "Nisikie vizuri. Kwa sheria ya sasa, ungamo mbele yangu halina uzito kortini. Ukitaka kusema, utasema mbele ya hakimu. Mimi sikulazimishi."

"Korti itataka kujua nilimpiga. Haitataka kujua kwa nini," Wanjala alisema. "Wewe nitakueleza."

Akaeleza. Jumapili baada ya ibada alipanda gari hadi Kitale kwa sababu Mwalimu alitaka kumpa habari uso kwa uso. Alimkuta ameshaanza kuandika.

"Nilimwomba. Nilipiga magoti, madam, mtu mzima kama mimi. Nikamwambia, sisemi udanganye, nyamaza tu. Wamekwisha kuona kiapo, wameridhika. Akasema, Wanjala, mimi nimefundisha watoto miaka thelathini waandike lililo kweli. Akanigeuzia mgongo akaendelea kupiga taipu. Ile sauti. Kila herufi ilikuwa inanirudisha Bumula."

"Ukachukua pasi."

"Sikumbuki kuichukua. Nilijikuta ninayo."

"Na faili?"

"Nilichoma. Faili na barua zote mbili."

"Ulizisoma?"

"Ningesomea nini?"

Wanjala aliinua kichwa.

"Tangu nursery naitwa mzungu. Sokoni, mzungu. Kwa matanga ya wajomba zangu, wakigawana kazi, ati mzungu akae kando asichafuke. Wazungu wenyewe wakiniona wananiuliza bei ya ndizi. Nikasema kuna mahali moja duniani watu wanafanana na mimi, nitashuka kwa gari na hakuna mtu atageuza shingo. Hiyo tu ndiyo nilitaka. Mwezi jana kanisa iliniombea safari, mbele ya wote. Nimeacha kazi ya kiwanda. Nimepeana ng'ombe wangu. Nimeaga. Sasa nirudi niwaambie nini? Ati babu yangu ametoka kwa mwizi aliyefungwa, na hata huko kwao hawanijui?"

"Aliiba kwa njaa," Nekoye alisema. "Mtamba mmoja. Akagawia nyumba tatu. Walimsafirisha mwisho wa dunia, na huko alitoroka mara tatu akiuliza njia ya kurudi kwao. Yote Mwalimu aliyaandika. Kwenye barua ile ile aliandika kwamba wewe usihesabiwe kosa."

Wanjala alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. Kisha akalaza uso juu ya meza, mikono ikining'inia kando, na mabega yakaanza kutikisika. Kipruto alitoka nje bila kuambiwa.

Alhamisi asubuhi Wanjala aliyarudia maneno yake mbele ya hakimu Kitale, kwa sauti ndogo, bila kuacha lolote.

*

Jukumu la kumpelekea mama yake habari halikuwa la inspekta. Nekoye alikwenda hata hivyo, peke yake.

Nabwile alikuwa ameketi barazani akichambua mbegu za maharagwe katika ungo. Alikuwa na macho ya kijivu, mazito ya mtoto wa jicho. Aliambiwa yote, naye hakulia. Aliendelea kuchambua, mbovu huku, nzuri kule, mpaka mikono ikakosea ikazichanganya.

"Mama, Mwalimu alionyeshwa cheti cha ubatizo," Nekoye alisema. "Alikipata wapi?"

"Ile kalatasi nilimpa mimi."

Nekoye aliketi ukingoni mwa baraza.

"Baba aliniachia kwa mkebe wa majani chai. Akaniambia nisionyeshe mtu, ati huko kwao walikuwa wanachekwa sababu ya babu yake. Nimekaa nayo tangu afe."

"Kwa hivyo ulijua siku zote."

"Nilijua."

"Na Wanjala?"

"Angejulia wapi? Alikuwa na furaha. Hujawahi kumwona na furaha, wewe. Anaimba akioga." Nabwile alifuta macho kwa kiganja, ingawa yalikuwa makavu. "Nilizaa huyo mmoja tu. Hiyo Ireland mtu akienda si anarudi kwa sanduku. Nikaona Mwalimu amekuja mwenyewe, anauliza. Nikampa. Nikasema, safari itaisha na sitakuwa mimi nimeikataza. Itakuwa ni kalatasi."

Kuku alipanda ukingoni mwa ungo, akaanza kudonoa. Hakuna aliyemfukuza.

"Sasa watampeleka mbali?" Nabwile aliuliza.

"Yuko rumande, Kitale. Kesi itasikilizwa huko huko. Baada ya hapo sijui."

Mama alihesabu polepole kwa vidole: gari la kutoka Bumula hadi Bungoma, lingine la Bungoma hadi Kitale. Akavitazama vile vidole viwili alivyoviinua.

"Basi ni karibu," alisema. "Siku za kuona watu ni gani?"